Kipimo cha Kumi na Nne

Tangu saa moja asubuhi Benigna Matimbwa alikuwa amekaa kwenye stuli ndani ya kituo cha vipimo, penseli mkononi, akiyatazama mafuta ya alizeti yakishuka ndani ya mrija wa kioo. Kila dakika kumi aliandika namba. Pembeni, ndani ya karai la maji lililowekwa kwenye nyuzi thelathini na saba kamili, ambazo ni joto la mwili wa mtu mwenye afya, kulikuwa na chupa ndogo yenye vijiko viwili vya unga mweupe. Unga ule ulikuwa ukivunjika. Kila ulipovunjika ulitoa gesi, gesi ikapanda kwenye mrija na kuyasukuma mafuta chini. Mafuta yakiacha kushuka, unga umekwisha. Na unga ukiisha, mtu aliyeuvaa kifuani kule bondeni huanza kuiva.

Saa nne na dakika kumi mafuta yalisimama.

Benigna aliugonga mrija kwa ukucha. Akasubiri. Akaangalia mpira unaounganisha chupa na mrija, kama umepasuka, akapitisha pua kuusaka ule ukali wa gesi unaofanana na zizi la ng'ombe lisilofagiliwa. Hakusikia harufu. Hakuna kilichovuja. Mafuta yangepaswa kuendelea kushuka mpaka saa sita mchana, lakini yalikuwa yamesimama tuli, kama yalivyosimama jana, na kama yalivyosimama juzi.

Akaandika: masaa matatu na dakika kumi.

Unga huo ulitoka kwenye kizibao cha Otmari Ngasakwa, kijana aliyekufa wiki sita zilizopita akirudi kutoka Shamba la Saba. Walimkuta ameanguka kwenye tuta, mwendo wa nusu saa kutoka Geti la Chini. Ripoti ilisema amezidisha muda. Kizibao chake kilirudishwa stoo, kikafutwa vumbi, na kingegawiwa mtu mwingine kama Benigna asingekiomba.

"Shikamoo dada."

Mdogo wake, Plasidi, alikuwa amesimama mlangoni, kofia ya majani kichwani, mikono nyuma ili aonekane hagusi kitu.

"Marahaba. Usiguse kitu."

"Nimegusa nini? Hata kivuli changu nimekiacha nje." Akachungulia mrija. "Nimefuata vizibao vya kikosi changu. Kumi na mbili. Kesho alfajiri tunashuka Shamba la Saba, mpunga umeinama mpaka unagusa maji. Bwana Shamba anasema siku nane, tuumalize kabla ndege wa kwelea hawajafika."

"Vizibao vyenu vikoje siku hizi?"

"Vizuri kupita kiasi. Vinang'ata." Plasidi alicheka. "Lisaa la kwanza meno yanagongana. Kasiani wiki iliyopita alivaa sweta ndani. Sweta, dada, bondeni, nyuzi arobaini na tisa. Tulimcheka mpaka tukasahau kuvuna."

"Halafu baadaye?"

"Baadaye nini?"

"Baada ya lisaa la tatu, Plasidi."

Kicheko kikamwishia taratibu. "Baadaye tunaingia mtaroni. Unalala kwenye maji mpaka masikioni, unaacha pua tu, kama kiboko. Ukipoa kidogo unatoka unakimbia. Ukisikia kizunguzungu unarudi mtaroni. Otmari yeye alikuwa mbali na mtaro."

"Na hamkusema?"

"Tulisema. Tukaambiwa vizibao havijawahi kupoza vizuri kama mwaka huu, na kwamba sisi tunatafuta sababu ya kurudi mapema. Masaa matano yamechongwa kwenye jiwe pale getini. Nani abishane na jiwe?"

Benigna alikuwa akiitazama chupa. Ndani, pale unga ulipokuwa, kioo kilibaki na utando mwembamba wa njano, kama ukoko chini ya sufuria. Kinachopoza sana mapema hukwisha mapema. Jambo dogo, mtoto wa darasa la nne angeliona. Na mji mzima, yeye akiwemo, ulikuwa umelipokea kama habari njema.

"Vizibao havitoki leo," alisema.

"Nimwambie Bwana Shamba hivyo?"

"Mwambie aje."

*

Watu wa Lugoda Juu waliishi mlimani, mahali ambapo binadamu bado angeweza kulala bila mashine, lakini chakula chao kilikuwa chini. Bonde lote lilikuwa jaruba la mpunga, jeusi na lenye rutuba, na joto lake lilimwua mtu kwa muda wa kuchemsha maharage. Usiku hali ilikuwa mbaya zaidi, maana upepo ulikufa na mvuke ukapanda kutoka kwenye maji, jasho likakataa kukauka. Kwa hiyo watu walishuka alfajiri kwa lifti ya kamba, wakavaa vizibao pale getini, wakaenda kuvuna kwa muda uliopimwa.

Ndani ya kila kizibao mlikuwa na vifuko arobaini vya unga baridi, mchanganyiko wa naitrojeni na kaboni uliopikwa kutokana na mkojo wa ng'ombe. Unga huo ukipata joto la mwili huvunjika kuwa gesi, na katika kuvunjika hulinyonya lile joto, ukambakizia mvaaji ubaridi. Gesi iliingia kwenye mfuko wa mgongoni. Jioni ilirudishwa kwenye chumba cha barafu, ikagandishwa kuwa unga tena, na vizibao vikawa vimechajiwa. Unga uleule, miaka ishirini na sita, ukienda na kurudi.

Aliyepima muda wake alikuwa Mwalimu Eleuteri Likwembe.

Benigna alikuwa akimheshimu mzee huyo kuliko alivyoweza kusema. Eleuteri alianza maisha kwa kupaka grisi magurudumu ya lifti. Akiwa na miaka thelathini na mbili, na watoto watatu, aliingia masomo ya jioni, akakaa kwenye dawati la watoto magoti yakigusa kidevu, akajifunza hesabu za logi kwa kuziandika kwa chaki kwenye bati la karakana wakati wa mapumziko. Chuo hakukiona mpaka alipoalikwa kufundisha huko. Na alipopewa kazi ya kupima unga baridi, hakufanya kama wataalamu waliomtangulia. Wao waliupasha unga moto mpaka nyuzi themanini, ambapo huvunjika kwa robo saa, kisha wakapiga mstari kwenye karatasi kukisia utakavyokuwa kwenye nyuzi thelathini na saba. Wapo waliokuja na masaa tisa, wapo waliokuja na manne. Eleuteri alipima kwa nyuzi themanini, sabini, sitini, hamsini, akaonyesha kwamba kila ukipunguza nyuzi kumi muda unakaribia kuongezeka mara mbili. Halafu, badala ya kuuamini mstari wake, alishuka mpaka thelathini na saba penyewe, akakaa mbele ya mrija masaa matano, akarudia mara thelathini. Thelathini. Watu walimwona mgonjwa.

Vitabu vyake arobaini na kimoja vilipangwa kwenye rafu juu ya sinki. Juu ya sinki, na si kwingine, kwa sababu sheria yake ya kwanza ilikuwa usafi: chupa huoshwa mara tatu kwa maji ya moto, mara moja kwa spiriti, ikaning'inizwa ikauke, ndipo iguswe tena. Sheria ya pili ilihusu makosa. Kosa halifutwi kwa raba wala halichanwi. Hupigwa mstari mmoja tu, mwembamba, ili liendelee kusomeka, na aliyekosea huandika sababu na kutia sahihi.

Alipokuwa mwanafunzi, Benigna aliwahi kuchana ukurasa wenye hesabu mbaya. Mzee alimfanya auokote jalalani, auunganishe kwa gundi, aurudishe kitabuni.

Sasa alishusha Kitabu cha Kwanza. Mwalimu alikuwa amestaafu, lakini kila siku ya kazi alifika saa tano kusoma namba za siku, shati jeupe likiwa limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alikuwa na dakika arobaini kabla ya hapo. Hakujua anatafuta nini hasa. Alipitisha kidole kwenye safu ya muda, kipimo kimoja baada ya kingine: matano na dakika mbili, manne na dakika hamsini na nane, matano kamili.

Kidole kikasimama.

*Kipimo cha 14. Masaa 3, dakika 10.*

Mstari mmoja mwembamba ulipita katikati ya maneno hayo. Pembeni, kwa mwandiko uleule wa mtu aliyejifunza herufi akiwa mkubwa: *Kimetupwa. Maji yamekatika leo, chupa haikuoshwa. E. Likwembe.*

Benigna aliketi chini, kitabu mapajani.

*

"Chupa uliosha?"

Hilo ndilo swali la kwanza la Mwalimu Eleuteri, na aliliuliza akiwa bado na mwavuli mkononi.

"Niliosha, Mwalimu. Mara tatu na spiriti. Nimepima vizibao vitatu, siku tatu. Cha Otmari kimeisha kwa matatu na kumi. Vingine matatu na dakika tisa, matatu na kumi na nne. Unga mpya ambao haujavaliwa, matano na dakika mbili."

"Mpira?"

"Nimebadilisha."

"Karai?"

"Vipimajoto viwili, vinakubaliana."

Mzee aliuning'iniza mwavuli. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye shingo ndefu ambayo ilimfanya aonekane daima ananyanyua kichwa kumtazama mtu kwa dharau. Wakati mwingine ndivyo ilivyokuwa.

"Kwa hiyo unaniambia namba yangu ni mbovu."

Benigna alikuwa ameandaa maneno ya kumpoza. Aliyaacha. Akamfungulia Kitabu cha Kwanza na kumwekea mezani.

Mwalimu akavaa miwani. Alisoma mstari ule mfupi kwa muda mrefu sana, mkono wake umelala juu ya karatasi kama anayesikiliza homa ya mtoto.

"Nilikuwa na hasira siku hiyo," alisema hatimaye. "Maji yalikatika tangu asubuhi. Nikasema siwezi kupoteza siku nzima, nikatia unga mpya kwenye chupa chafu ya vipimo vya moto, yenye ukoko mnene. Ulipoisha mapema nikajilaumu kwa uchafu wangu." Akakifunga kitabu. "Nikalaumu uchafu, sikuuliza uchafu umefanya nini."

"Vizibao havioshwi, Mwalimu. Unga unaenda na kurudi humohumo. Huu utando wa njano unabaki na unaongezeka kila vinapochajiwa. Nadhani ndio unaouharakisha unga."

"Unadhani." Akavua saa ya mkononi, akaiweka mezani, akakunja mikono ya shati. "Nipe kikwangulio. Na chupa tatu."

Benigna angekumbuka saa zilizofuata kwa maisha yake yote. Alikuwa na mashine ya kuchanganyia, lakini mzee aliikataa kwa kutikisa kidole. Alikwangua utando wa njano kutoka kwenye kifuko cha Otmari, kiasi cha kujaza ukucha, asimwage hata punje. Chupa ya kwanza aliitia unga mpya peke yake. Ya pili, unga wa kizibao. Ya tatu, unga mpya na ule ukucha wa njano. Alipandisha karai mpaka nyuzi sitini, kwa kuwa hakukuwa na siku ya kusubiri, akazitumbukiza chupa tatu kwa pamoja, na kutoka hapo hakuangalia pembeni tena. Miaka sabini na minne, na hakuketi hata mara moja. Alitaja namba za mirija mitatu kwa zamu kila dakika, kwa sauti ya kawaida kabisa, na Benigna akaandika.

Unga wa kizibao uliisha dakika ya thelathini na tisa. Chupa ya tatu, unga mpya uliopewa ukucha wa njano, iliisha dakika ya arobaini. Ya kwanza iliendelea taratibu, kama haina habari, mpaka dakika ya sitini na moja.

"Hesabu," alisema Mwalimu.

"Uwiano ni uleule. Matano kwa matatu na kumi."

"Namba yangu haikuwa mbovu," alisema mzee, na kwa kitambo kiburi chake cha zamani kilirudi usoni, shingo ikanyooka. Kisha ikashuka. "Nilipima unga mpya. Watu wanavaa unga wa zamani. Mwaka wa kwanza yalikuwa matano kweli. Mwaka wa kumi, labda manne na nusu. Na mimi kila mwaka nilipima unga mpya, kwenye chupa safi, nikatia sahihi."

*

Bwana Shamba Kihwele aliingia bila kubisha hodi, akifuatwa na Plasidi. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya chini, na watu walimpenda kwa sababu katika miaka kumi na mmoja ya kazi yake hakuna nyumba iliyolala njaa.

"Shikamoo Mzee Likwembe. Nasikia vizibao vimezuiwa."

"Marahaba. Keti."

Benigna alimweleza. Kihwele alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali mawili, yote mazuri, kisha akauegemeza mgongo wake ukutani.

"Kutoka getini mpaka Shamba la Saba ni lisaa na robo," alisema. "Kurudi, lisaa na robo. Ukitoa kwenye matatu, inabaki nusu saa. Mtu hawezi kuvuna kwa nusu saa. Mnaniambia Shamba la Saba limekufa."

"Kwa mwaka huu," alisema Benigna.

"Theluthi ya mchele wa mji iko pale. Imeiva. Kwelea wameonekana ng'ambo ya mto." Hakupandisha sauti. "Naomba siku nane. Vijana tayari wanajua kuingia mtaroni, wamejifunza wenyewe. Nitaongeza mitaro, nitaweka mtu wa kuwaangalia. Siku nane, mpunga uingie ghalani, halafu mtangaze namba yoyote mnayotaka na mimi nitasimama pamoja nanyi."

"Na Otmari?" aliuliza Benigna.

"Otmari ameshakufa, dada. Nazungumzia watoto mia nane ambao hawajafa." Akamgeukia mzee. "Na kuna jingine, Mzee wangu, nalisema kwa heshima. Watu hushuka kwa sababu wanaliamini lile jiwe. Ukiwaambia leo jiwe lilikosea, kesho wataiamini vipi hiyo tatu yako? Kila mtu atajipimia kwa kizunguzungu chake. Hapo ndipo watakufa."

Hoja hiyo iliingia. Benigna aliona ilivyoingia, kwa sababu Mwalimu aliitazama saa yake mezani. Hata yeye mwenyewe ilimgusa. Alikuwa na watoto wawili, na alijua sufuria isiyojaa inavyosikika kijiko kikipita.

Plasidi alikohoa. "Bwana Shamba, na mimi nina neno. Hizo siku nane za mtaroni, nani atakuwa mbali na mtaro?"

"Hakuna atakayekuwa mbali."

"Kuna mmoja lazima. Shamba lina upana. Tutapiga kura kila asubuhi, au tunafanyaje?"

Kihwele alifumba macho, akayafumbua.

"Vizibao vikae hapa," alisema Mwalimu Eleuteri, akiivaa saa. "Kikosi kiende getini alfajiri kama kawaida. Na mama yake Otmari aitwe, kama anaweza kutembea. Mimi nitakuwepo."

"Utasema nini?" aliuliza Kihwele.

"Sijui bado. Nimezoea kuandika."

*

Alfajiri Geti la Chini lilikuwa tayari lina joto la tanuri linalowashwa. Wavunaji kumi na wawili walisimama bila vizibao, wakishangaana, mikono mitupu. Mama Otmari alikuwa ameletwa kwa lifti, kanga mbili begani, na alikaa kwenye benchi la kusubiria akiutazama ukuta. Tangu msiba hakuwa amesema na mtu yeyote wa kituo cha vipimo, kwa sababu karatasi yao ndiyo iliyosema mwanawe alizidisha muda kwa uzembe.

Jiwe lilikuwa hapo juu ya mlango, herufi zake zimejazwa rangi nyeupe: MASAA 5. Chini yake, ndogo: E. Likwembe.

Mwalimu alifika na ngazi. Hakumruhusu mtu kuibeba. Aliiegemeza, akapanda vidato vinne akiwa na shati lake jeupe, akatoa mfukoni patasi na nyundo. Plasidi aliwahi kuishika ngazi chini. Mzee aliweka patasi upande wa kushoto wa namba na kugonga, polepole, mpaka ukapatikana mstari mmoja mwembamba unaokatiza MASAA 5 katikati. Namba bado ilisomeka. Akapangusa vumbi kwa kiganja. Halafu, chini ya jina lake, akachonga 3.

Alipogeuka, alikuwa anahema.

"Nina maneno machache," alisema kutoka kwenye ngazi. "Tano ilikuwa yangu. Ilikuwa kweli unga ulipokuwa mpya. Unga umezeeka, na mimi sikuupima uzee wake. Nilipima kilicho safi kwa sababu napenda kilicho safi. Miaka ishirini na sita iliyopita nilikipata kipimo cha kweli, nikakitupa. Binti huyu amekiokota." Akamwonyesha Benigna kwa nyundo. "Nyinyi mlisema vinang'ata, mkaitwa wavivu. Mlikuwa mnatoa taarifa sahihi kuliko mimi. Kuanzia leo, mtu akirudi bondeni ataulizwa kizibao kilimfanyaje, na jibu lake litaandikwa kitabuni pamoja na namba zetu. Hiyo ndiyo sababu ya kuiamini tatu. Msiiamini kwa sababu ni yangu. Iaminini kwa sababu mtaipima wenyewe kila siku, na ikibadilika tutaikata na hiyo."

Akashuka. Akaenda mpaka kwenye benchi, na pale, mbele ya watu wote, mzee ambaye hakuna aliyewahi kumwona akiinama alichuchumaa ili macho yake yawe sawa na ya yule mama.

"Mama Otmari. Mwanao hakuchelewa. Alikuwa na muda wake wote mfukoni, kwa namba yangu. Namba ndiyo iliyomdanganya. Karatasi inayosema uzembe nitaipiga mstari leo na kuandika sababu, na jina langu chini."

Mama yule aliacha kuutazama ukuta. "Nilijua," alisema. "Otmari alikuwa mtu wa kufika nyumbani kabla chakula hakijaiva." Akaivuta kanga begani. "Karatasi hiyo niletee. Usiitume."

"Nitaleta."

Bwana Shamba Kihwele alikuwa amesimama nyuma ya wavunaji, kofia mkononi. Watu walimgeukia, na Benigna aliogopa.

"La mgao wa mchele nitalitangaza mimi," alisema Kihwele. "Kutoka vikombe viwili kwa nyumba kwa siku hadi kimoja na nusu, mpaka mavuno ya pili. Nyumba yangu itaanza leo. Kikosi chako, Plasidi, kiende Shamba la Tatu, mwendo wa dakika arobaini. Mvune kabla hamjachoka."

"Na la Saba?"

Kihwele alitazama bondeni, ambako mpunga wa mbali ulikuwa ukianza kupata rangi ya asubuhi. "La Saba ni la kwelea," alisema. Akavaa kofia.

Vizibao vikashushwa kwa lifti, vikagawiwa. Kasiani alikuwa amevaa sweta, na safari hii hakuna aliyemcheka. Masaa mawili na dakika hamsini baadaye wote kumi na wawili walipita tena chini ya jiwe, magunia kichwani, na Mwalimu Eleuteri, aliyekataa kurudi juu, alimshika kila mmoja kifuani kwa kiganja kuhisi ubaridi uliobaki. Ulikuwepo. Mdogo, lakini ulikuwepo. Aliandika hali ya kila kifua kitabuni.

*

Adhuhuri walikuwa wamerudi kituoni. Mwalimu aliketi kwenye stuli ya Benigna kwa mara ya kwanza tangu astaafu. Shati lake lilikuwa na vumbi la jiwe na hakulipangusa. Mbele yake kulikuwa na ripoti ya Otmari, iliyokatwa mstari mmoja na kutiwa sahihi, na kando yake bahasha ya kuipeleka.

"Shamba la Saba tunaweza kulirudisha," alisema Benigna. "Tukipata cha kuutoa huo utando bila kuuharibu unga. Nimefikiria siki ya moto. Nimefikiria pia kuupoza unga polepole zaidi wakati wa kuchaji."

"Vipimo vingapi?"

"Mia mbili, labda. Zaidi."

"Sina mia mbili," alisema mzee, bila huzuni. "Wewe unazo. Fungua kitabu kipya. Andika jina lako kwenye jalada, langu liache."

Benigna alishusha kitabu kitupu kutoka kwenye rafu. Kisha, kwa mazoea ya miaka kumi na minane, aliichukua chupa ya jana yenye ukoko wa njano, akafungua bomba la maji ya moto, akaishika shingo kuitia sinkini.

"Benigna."

Akageuka.

Mwalimu Eleuteri Likwembe alikuwa anaitazama ile chupa chafu, na usoni mwake palikuwa na ile hali ambayo Benigna alikuwa akiiona zamani, mwanafunzi alipoleta jibu zuri.

"Hiyo usiioshe," alisema. "Hiyo ndiyo tunayoanza nayo."

Benigna akafunga bomba.